Mwanamke wa Koti Jeupe

Huwa sipiti soko la ndege. Ijumaa moja kiangazi hiki nilikwenda soko la zamani kununua udi wa kumpelekea rafiki, na njia niliyoizoea ilikuwa imefungwa kwa matengenezo, kwa hiyo nikakata katikati ya vizimba. Joto la Doha mnalijua wenyewe. Kasuku walikuwa wamefungua midomo, njiwa wamebanana kivulini, na muuzaji mmoja alikuwa anawanyunyizia maji kwa chupa. Harufu ya kinyesi cha ndege wengi waliokusanyika mahali pamoja ikanijia usoni, na vidole vyangu vikaingia baridi. Baridi kweli, si ya kusema tu. Nikajikuta nimeviweka kwapani, kama nilivyofundishwa nikiwa na miaka minane, ndani ya boti ya mpira, kaskazini kabisa mwa dunia. Aliyenifundisha ni Mama.

Mama alikuwa yaya katika nyumba moja hapa Doha. Jina lake lilikuwa Mshai, lakini mule ndani aliitwa Meri kwa sababu Madam alisema Mshai linamtoka vibaya mdomoni. Walikuwa watu wema. Naliandika neno hilo nikijua linavyoweza kusomwa, lakini ndilo lenyewe. Walikuwa na mtoto mmoja, Noura, ambaye Mama alimlea tangu hajaweza kushikilia shingo. Noura alipofika miaka saba akawa mkimya mno, haongei na wenzake shuleni, na daktari akasema anahitaji mtoto mwenzake wa kucheza naye. Madam akamwambia Mama, "Si una msichana wa umri huu? Mlete." Ndivyo nilivyotolewa kwa nyanya yangu Wundanyi, Kenya, penye ukungu na mashamba ya kabichi, nikaletwa kwenye chumba kilicho nyuma ya jikoni, kwa mama ambaye nilimjua kwa sauti ya simu tu.

Nilimpenda Noura upesi. Alizungumza Kiswahili cha Mama, chenye lafudhi ya Kitaita, na wageni walipokuja tulikuwa tunawateta mbele yao bila wao kujua. Mama ndiye niliyechelewa kumzoea. Nilimwona anavyomfunga Noura viatu, anavyompulizia uji, nikawa nahesabu moyoni kama nami nimepuliziwa vivyo hivyo.

Kiangazi kilichofuata, Baba Noura alikodi vyumba kwenye meli ya watalii iliyokuwa ikienda kaskazini kuangalia wanyama. Noura akasema haendi bila mimi, na pasipo Mama hakuna ambaye angetushughulikia, kwa hiyo tukaenda sote. Wao walilala juu, kwenye vyumba vyenye vibaraza. Mimi na Mama tulipewa chumba cha chini kisicho na dirisha, kitanda juu ya kitanda, na nilikiona kizuri sana kwa sababu kilikuwa na taa ndogo ya kusomea ambayo ilikuwa yangu peke yangu.

Jua halikuzama. Watu wazima walilishangilia jambo hilo, wakapigana picha sebuleni wakiwa na glasi mikononi saa za kulala. Mimi lilinitisha. Nilifikiri tumepita mahali ambapo siku inapaswa kwisha, na kwamba kuanzia hapo hakuna kitu ambacho kingeisha tena.

Kila asubuhi tulivalishwa kama magunia, tukashushwa kwenye boti za mpira, tukapelekwa nchi kavu. Tuliona wanyama wakubwa wenye pembe mbili ndefu zinazotoka mdomoni, wamelaliana ufukweni, wananuka, wanakoroma, na mmoja alijikuna shavu kwa pezi lake taratibu kama mzee msikitini anayesubiri swala. Tuliona sili akielea juu ya kipande cha barafu, akatuangalia mpaka tukapita. Siku moja tulisimamisha boti chini ya jabali lililosimama wima kutoka baharini, na kila upenyo wa jabali lile ulikuwa na ndege. Kelele yao ilikuwa kama soko linaloungua. Harufu ilikuwa kali hata Noura akaziba pua kwa skafu ya Mama. Vifaranga visivyojua kuruka vilikuwa vinajirusha kutoka juu, kimoja kimoja, vikianguka majini kama soksi zilizotupwa.

Mama alimwuliza mwongozaji swali. Lilikuwa swali pekee nililomsikia akimwuliza mgeni safari nzima.

"Anasemaje?" nikamwuliza.

"Nimemwuliza kama mama zao wanaruka nao."

"Wanaruka?"

"Anasema baba ndiye anayekwenda nao. Mama anabaki juu siku chache." Akanichukua mikono, akaiingiza kwapani mwangu. "Weka hapa, usigandishe vidole."

Kitu ambacho sikukielewa, na ambacho kiliharibu yote, ni habari ya dubu. Siku ya kwanza tuliposhuka kisiwani, mwongozaji, mwanamke mrefu mwenye bunduki begani, alitupanga mstari mmoja. Mwenzake mwenye bunduki nyingine alikaa nyuma. Akazungumza Kiingereza cha haraka, na Kiingereza changu kilikuwa bado cha salamu tu, kwa hiyo Mama akachuchumaa akatutafsiria mimi na Noura.

"Anasema mtu asitoke mstarini. Dubu wa huku ni mweupe, na anaweza kufanana na kitu chochote."

"Kitu chochote?" Noura akauliza.

"Jiwe. Theluji. Chochote. Na mkimwona mtu ametoka mstarini, mpige kelele. Msione haya."

Mwongozaji alikuwa amesema tu kwamba dubu akilala hatofautiki na jiwe. Lakini mimi nililelewa na nyanya aliyeniambia habari za fisi wanaovaa sura za watu wakaja kuposa, na nililichukua neno la Mama lote, kama lilivyo. Dubu anaweza kuwa chochote. Siku ya tatu watu wakasema wamemwona mmoja ng'ambo ya ghuba, wakapokezana darubini, tukarudishwa kwenye boti haraka. Mimi sikuona kitu isipokuwa mawe. Nikasema nimemwona. Usiku na mchana huo usiokwisha nililala nikiwaza: ni jiwe lipi kati ya yale lililokuwa linatuangalia?

Mimi na Noura tukawa walinzi wa mstari. Kwenye korido za meli, kwenye foleni ya chakula, yeyote aliyetoka tulimpigia kelele, "Mstarini!" na wazee wa Kizungu wakacheka wakarudi kwenye foleni. Baba Noura alitupa cheo, akatuita maafisa.

Kisha meli ikageuka kusini, ikatia nanga kwenye mji wa bara, wa nyumba za mbao zilizopakwa rangi nyekundu na manjano. Yalikuwa matembezi ya mwisho. Tulikuwa tunapelekwa kuona ndege wa baharini waliojenga viota kwenye madirisha ya ghala la zamani, katikati ya mji, watu wakipita chini yao na mwavuli.

Siku iliyotangulia, Mama alikuwa amenisuka. Alinikalisha sakafuni katikati ya magoti yake akanisuka vidogo vidogo, vya kudumu, vile ambavyo mtu akisukwa hahitaji kuguswa kichwa kwa miezi miwili. Ilichukua mchana kutwa. Nililia, nikamwambia tunarudi nyumbani baada ya siku mbili, kwa nini asinisuke huko? Akasema, "Nataka upendeze kwenye picha." Mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko kawaida. Alipomaliza alikiweka kidevu chake juu ya kichwa changu akakaa hivyo muda mrefu, mpaka nikadhani amesinzia.

Asubuhi ile alinivalisha magauni mawili chini ya jaketi. Tulipofika gatini alinirekebisha kofia, akashika mkono wangu akautia ndani ya mkono wa Noura.

"Usimwachie mpaka mrudi melini," akasema. "Hata mimi nikibaki nyuma kidogo."

"Kwa nini ubaki nyuma?"

"Miguu inaniuma."

Tukaenda kwa mstari kando ya bandari. Mwongozaji siku hiyo hakuwa na bunduki, na hilo lilinitia wasiwasi tangu mwanzo. Tulifika kwenye ghala, watu wote wakainua vichwa na kamera juu. Mimi sikuinua. Nilikuwa kazini. Niligeuka kukagua mstari, na Mama hakuwemo.

Alikuwa anavuka barabara. Hakuwa anakimbia, alitembea kama mtu anayekwenda dukani. Upande wa pili palikuwa na gari dogo la buluu lenye mlango uliofunguliwa, na kando yake amesimama mwanamke mwenye koti jeupe refu, jeupe pe, lenye manyoya shingoni, kofia ya koti imemfunika uso. Mwanamke huyo aliinua mkono akaita.

Mimi sikuona mwanamke.

Niliuachia mkono wa Noura nikapiga ukelele ambao sijapata kuupiga tena maishani. "Dubu! Mama, dubu! Rudi mstarini! Mama!" Noura naye akaanza, kwa Kiarabu na Kiswahili pamoja. Ndege wote wakaruka kutoka madirishani. Watu wakageuka, mtalii mmoja akakimbilia barabarani akiwa amenyoosha mikono kusimamisha magari, na mwongozaji akamfikia Mama katikati ya barabara akamshika bega, kwa nia njema kabisa, akidhani ameugua.

Mama alisimama. Aliangalia gari. Kisha akageuka akaniangalia mimi, na uso ule ndio unaonijia mpaka leo, hata nikiwa nahudumia mgeni kazini. Haukuwa na hasira. Ulikuwa uso wa mtu aliyeitwa jina lake akiwa usingizini.

Mwenye koti jeupe aliingia garini, akafunga mlango, akaondoka polepole.

"Nilikuwa natafuta choo," Mama akamwambia Madam.

Madam aliliangalia gari mpaka likapinda kona. "Choo kipo melini, Meri," akasema. Akampitishia mkono kwenye kiwiko, kama marafiki wanaotembea jioni, wakarudi hivyo mpaka kwenye ngazi ya meli bila kuachana. Noura alimkumbatia Mama kiunoni njiani kote. "Usitoke mstarini tena, Mama Meri. Angekula."

Chumbani Mama alianza kuvua nguo za baridi. Akavua jaketi, akavua sweta, akavua blauzi, na chini yake blauzi nyingine, na chini yake nyingine tena. Akavua sketi, na chini palikuwa na sketi yake ya kanisani. Mimi nilicheka mpaka nikajikunja kitandani.

"Mama, kwani ulikuwa unasikia baridi namna hiyo?"

"Sana," akasema. "Baridi sana."

Alikuwa anazikunja moja moja anaziweka kabatini, na hakucheka, lakini hakunikataza kucheka.

Mlango ukagongwa, akaingia Madam. Hakuwa amewahi kushuka kule chini. Alikaa kwenye kitanda cha Mama, akaliona lile lundo la nguo, akainamisha kichwa.

"Nimekukosea nini, Meri?"

"Hakuna, Madam."

"Binti yako anasoma shule moja na wangu. Nimekukosea nini?"

"Nilikuwa natafuta choo, Madam."

Kisha Madam akanivuta akanibusu kichwani, juu ya misuko mipya, akasema asante. Jioni Noura akaniletea zawadi kutoka duka la meli: dubu mweupe wa manyoya, mwenye utepe shingoni. Nililala naye miaka mingi. Mama alikuwa akifagia chumba chetu anamsogeza kwa ncha ya ufagio, na sikumwona hata siku moja akimwokota kwa mkono.

Tulirudi Doha. Mlango wa ndege ulipofunguliwa, joto lilituingia kama mtu mwenye haraka, nikafurahi kuona usiku unaingia tena kwa wakati wake. Madam hakuwahi kumchukua Mama safarini tena, na hakulitaja lile jambo. Mama alikaa katika nyumba ile miaka tisa mingine.

Kilichonisumbua zaidi nilipokua ni kwamba Mama ndiye aliyekuwa anaisimulia. Siku za Ijumaa, ambazo hapa ndizo za mapumziko, tulikwenda ibadani kwenye makanisa ya Mesaimeer, na baada ya ibada Wakenya hukaa kivulini kungoja mabasi, na pale Mama aliwaambia watu: "Mwaona huyu? Huyu aliniokoa na dubu." Akaiga ukelele wangu, akaiga mtalii alivyosimamisha magari, watu wakashika mbavu. Mimi nikatanua kifua. Nilikuwa mtoto aliyemwokoa mama yake. Sikuwahi kuwa na sifa nyingine iliyonipendeza kama hiyo.

Figo zake zilipoanza kushindwa alirudi Wundanyi, na huko ndiko alikofia. Mimi nilikuwa nimeshapata kazi hotelini, West Bay, mapokezi. Miezi michache baada ya kumzika, mgeni mmoja mzee alikuwa anangoja teksi na akawa ananionyesha picha za safari yake. Nikaziona nyumba nyekundu na manjano. Nikaliona ghala. Nikamwambia kwa furaha kwamba nilifika pale nikiwa mdogo, na kwamba siku ile dubu aliingia mjini.

Alicheka kwa upole. "Si pale, binti. Dubu wako visiwani, baharini kwa siku nzima na zaidi. Pale hawafiki."

Nikamwitia teksi, nikamtakia safari njema. Kisha nikaingia chumba cha mizigo nikakaa juu ya sanduku la mtu nisiyemjua, na zile blauzi zikaanza kuvuliwa upya mbele ya macho yangu, moja, na nyingine, na nyingine. Nikajishika kichwa pale alipoweka kidevu. Misuko ya miezi miwili. Labda nilikuwa najua siku zote, nikachagua ile sifa.

Ijumaa iliyofuata nilimtafuta anti Akinyi. Alikuwa rafiki wa Mama wa kwanza hapa Doha, mlinzi kwenye jengo moja lililo jirani na hoteli yangu, mwanamke asiyejua kuzunguka maneno. Nilimkuta Mesaimeer nje ya lango, amevua viatu, anajipepea kwa karatasi ya nyimbo.

"Anti, Mama alikuwa anatoroka?"

Aliacha kujipepea. "Nani amekwambia?"

"Hakuna. Nimejua mwenyewe."

"Ai, Wakesho." Akanisogezea nafasi nikae. "Yule wa gari ni binamu yake, Mkamburi. Aliolewa huko. Walipanga hiyo maneno miezi mingi kwa simu yangu, sababu simu ya mamako ilikuwa inaangaliwa."

"Kwani walikuwa wanamtesa?"

"Hawakumtesa. Mamako alikuwa amesomea uuguzi, unajua? Alitaka tu kufanya kazi yake na kuitwa jina lake."

"Na mimi?"

Alivaa kiatu kimoja, akakivua tena. "Wewe ungerudishwa kwa nyanya yako. Alijua huyo Madam si mtu wa kutupa mtoto. Halafu angekuita, karatasi zikikaa sawa."

"Kwa hiyo alikuwa ananiacha."

"Alikuwa anakuacha kidogo."

Basi likaja, watu wakalikimbilia, yeye hakuinuka. Nikamwuliza lile nililokuwa nimekuja kuuliza hasa, kama Mama alijuta.

"Ilitegemea siku," akasema. "Siku zingine alikuwa anamshukuru Mungu ati ulipiga kelele. Siku zingine alikuja hapa akakaa hapo ulipokaa, na hakusema kitu mpaka basi ya mwisho. Nisikudanganye. Ilikuwa hivyo mpaka akaenda nyumbani."

Akanipa namba ya Mkamburi. Nilikaa nayo wiki nzima. Nilipopiga, niliyempigia aliitikia kwa Kitaita, na sauti yake ilikuwa sauti ya Mama, ile ile ya simu niliyoijua kabla sijaujua uso. Nikajitaja. Nikamwomba radhi kwa kumwita dubu mbele ya mji mzima, na akacheka, halafu akawa anavuta pumzi.

"Nilizunguka mitaa nikarudi pale," akasema. "Nikakaa mpaka meli ikatoka. Nilidhani labda mtakuja."

"Tutakuja?" nikasema. "Anti Akinyi ameniambia alikuwa anakuja peke yake."

"Mimi hakuniambia hivyo. Aliniambia mnakuja wawili. Nilikuwa nimetandika vitanda viwili, Wakesho."

Nimelipima jambo hilo kila upande. Alinisuka kama mtu anayeacha mtoto. Alinivalisha magauni mawili, lakini palikuwa na baridi, na mama yeyote angefanya hivyo. Aliutia mkono wangu katika mkono wa Noura. Labda alimficha Mkamburi, labda alimficha Akinyi, labda aliamua njiani, au alikuwa bado hajaamua alipofika katikati ya barabara. Wa kuniambia hayupo.

Siku ile kwenye simu sikuwaza yote hayo. Nilikuwa kama nina miaka minane tena, na swali lililonitoka lilikuwa la mtoto. Nilimwuliza kitanda changu kilikuwa upande gani.

"Dirishani," akasema. "Nilifikiri ungependa kuona meli."